Kilomita 344

Najua nimeadimika, na baadhi yenu mmeshaniuliza kama kalamu imekauka. Haijakauka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na leo mshindo wenyewe ni namba moja tu: 344.

Hizo ni kilomita kati ya London na Paris kwa njia ya angani, kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mji mwingine, bila kona, bila foleni na bila kusimama njiani kuchimba dawa. Kwa kipimo cha nyumbani, ni pafupi kuliko kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma kwa mstari huo huo wa angani.

Sasa mtu atauliza, wewe mwandishi wa habari wa Dar, London na Paris zinakuhusu nini? Zinanihusu sana. Kuanzia Septemba hadi Novemba mwaka 2024 nilikuwa London kwa mafunzo ya miezi mitatu. Na Paris, au tuseme Saint-Denis, pale kaskazini mwa jiji, anaishi mamdogo wangu. Ni mdogo wake mama, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, mama alipotutoka. Mamdogo aliondoka nchini mwaka 2011. Nilipotua Heathrow ilikuwa imepita miaka 13 sijamtia machoni, ukiacha ile sura ya kwenye simu inayogandaganda mtandao ukisumbua. Nikajiambia, hapa nimeshafika. Zimebaki kilomita 344 tu.

Nitarudi kwa mamdogo. Kwanza tuielewe namba yenyewe, maana nimekaa nayo muda mrefu na nimeifahamu kama mtu anavyomfahamu jirani yake.

Hesabu yake si ngumu. Niliipiga kwa kalamu kwenye treni ya chini ya ardhi, nyuma ya karatasi ya ratiba ya darasa. London iko latitudo 51.51 kaskazini ya ikweta, Paris iko 48.86. Tofauti ni 2.65. Digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111 popote utakapokwenda duniani, kwa hiyo Paris iko kusini ya London kwa kilomita 295 hivi. Haya, twende kwenye longitudo. London iko 0.13 magharibi ya mstari wa Greenwich, Paris iko 2.35 mashariki yake, tofauti 2.48. Hapa uwe mwangalifu, kwa sababu digrii ya longitudo haina urefu mmoja. Kwetu Dar, karibu na ikweta, ni kilomita 110. Lakini ile mistari hubanana kadiri unavyokwenda kaskazini, kama vipande vya chungwa vinavyokutana kwenye kikonyo. Ukifika usawa wa London na Paris, digrii moja imebaki kilomita 71 tu. Kwa hiyo Paris iko mashariki ya London kwa kilomita 177 hivi. Sasa unazo pande mbili za pembetatu yenye pembe mraba, na Pythagoras tuliyemkimbia shuleni anakumalizia kazi: 344.

Kwa safari ndefu hesabu hii ingekudanganya, kwa sababu dunia ni mviringo na inabidi uufuate mviringo wake. Lakini kwa kipande kifupi kama hiki, dunia ni kama meza. Inatosha.

Na ndege? Ndege haijui Pythagoras. Kwanza haianzii katikati ya jiji. Heathrow iko magharibi ya London, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati. Uwanja wa Charles de Gaulle uko kaskazini mashariki ya Paris, nao umbali kama huo huo. Kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ni karibu kilomita 348. Halafu ndege hupenda kuruka ikiukabili upepo, na upepo wa London mara nyingi hutoka magharibi. Kwa hiyo unayekwenda Paris, kusini mashariki, unaanza safari kwa kuipa Paris kisogo! Unapaa kuelekea magharibi, unakata kona, unafuata njia ulizopangiwa na waongozaji, halafu ukikaribia Paris unapangwa tena kwenye foleni ya kutua. Tiketi inaandika saa moja na robo hivi. Muda wa kuwa hewani kweli kweli hauzidi saa moja. Mhudumu akimaliza kugawa maji anaanza kukusanya vikombe.

Lakini ndugu zangu, msiidharau safari hii fupi. Usafiri wa ndege kama tunaoujua leo ulikulia hapa.

Mwaka 1785, tarehe 7 Januari, Mfaransa Jean-Pierre Blanchard na daktari mmoja Mmarekani aitwaye John Jeffries walivuka bahari ile nyembamba kwa puto, kutoka Dover kwenda upande wa Ufaransa. Puto likaanza kushuka wakiwa juu ya maji. Wakatupa kila kitu, mpaka baadhi ya nguo walizovaa. Walitua Ufaransa salama, wakitetemeka kwa baridi ya Januari. Miaka 124 baadaye, tarehe 25 Julai 1909, Louis Blériot akavuka kwa ndege yake ndogo ya injini moja kutoka karibu na Calais hadi Dover, kwa dakika 36 na ushee. Gazeti la Daily Mail lilikuwa limeahidi pauni 1,000 kwa atakayekuwa wa kwanza, akazichukua.

Halafu ikaja tarehe 25 Agosti 1919. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, ndege za kijeshi zimejaa, na kuna marubani wengi wasio na kazi. Siku hiyo ndege ndogo iliyogeuzwa kutoka kwenye kazi ya kupiga mabomu iliruka kutoka Hounslow Heath, jirani kabisa na ilipo Heathrow leo, ikaenda Le Bourget nje ya Paris. Ndiyo ikawa mwanzo wa safari za ndege za kila siku zenye ratiba kati ya nchi na nchi. Ilichukua kama saa mbili na nusu. Ilibeba magazeti, ngozi, ndege wa kuwindwa kwa ajili ya mezani, malai ya Devon, na abiria mmoja tu. Abiria huyo alikuwa nani? Mwandishi wa habari! Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu maktabani mpaka dada wa pembeni akanitazama. Hata mwaka 1919 wenzetu walishajua kupata lifti kwa kisingizio cha kuandika habari.

Zile safari za mwanzo hazikuwa mchezo. Rubani alifuata barabara na reli kwa macho, kama dereva wa lori anayekwenda mkoa asioujua. Tarehe 7 Aprili 1922 kulikuwa na ukungu kaskazini mwa Ufaransa. Ndege moja inatoka upande wa London, nyingine inatoka Paris, zote zinafuata barabara ile ile, kwa kimo kile kile. Zikagongana uso kwa uso. Watu wote 7 waliokuwemo walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya ndege mbili za abiria kugongana angani. Fikiria anga yote ile, halafu watu wanakutana kwenye uzi mmoja. Baada ya hapo ndipo yakaja maelewano ya nani apite upande gani wa njia.

Na kuna hili ambalo nalipenda kuliko yote. Mmeshasikia kwenye sinema rubani akipiga kelele "Mayday! Mayday!" Neno hilo halihusiani na Mei Mosi hata kidogo. Mwaka 1923 ofisa wa redio wa uwanja wa Croydon, ambao ndio uliokuwa uwanja mkuu wa London wakati huo, Frederick Mockford, aliombwa atafute neno la kuomba msaada ambalo marubani na watu wa chini wangelielewa bila kubabaika. Kwa kuwa ndege nyingi za Croydon zilikuwa za kwenda na kutoka Le Bourget, akalichukua neno la Kifaransa linalotamkwa hivyo hivyo, m'aider. Maana yake ni "nisaidieni". Mwaka 1927 likakubaliwa kimataifa. Leo rubani akipata shida juu ya Mwanza au juu ya Bahari ya Pasifiki, anaita kwa neno lililozaliwa kwenye hizi kilomita 344.

Nimeitaja Mwanza makusudi. Tarehe 28 Februari 1931 huduma ya kwanza ya barua za ndege kutoka Croydon kuja upande wetu wa Afrika ilianza, na kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza, pale ziwani. Kwa hiyo uzi huu haukuishia Paris. Ulirefushwa mpaka kwetu. Ila ulirefushwa kwa ajili ya barua na maofisa wao, si kwa ajili ya bibi yangu wa Sengerema.

Kuna mtego mwingine, na huu unahusu saa. Ukitazama ratiba utaona ndege inayotoka Paris saa tatu asubuhi inafika London saa tatu na robo asubuhi. Mtu asiyejua atasema wazungu wana uchawi. Ni kwa sababu saa za Paris ziko mbele kwa saa nzima. Nikauliza, kwa nini saa nzima? Jua haliendi hivyo. Tofauti ya longitudo 2.48 ni sawa na dakika 10 tu za jua. Jibu liko kwenye historia. Kuanzia mwaka 1911 Ufaransa ilikuwa inafuata saa za Greenwich, sawa na London. Juni 1940 majeshi ya Hitler yakaingia Paris, na saa za jiji zikasogezwa mbele zifanane na za Berlin. Vita vikaisha, Wajerumani wakaondoka, lakini saa ikabaki. Kwa hiyo kila Mfaransa anayetazama saa yake leo anatazama, bila kuwaza, alama ya siku ile. Dakika 10 za Mungu zimekuwa dakika 60 za wanadamu.

Nashikilia hapo hapo, kwenye tofauti ya kilichowekwa na Mungu na kilichowekwa na wanadamu. Turudi kwa mamdogo.

Mwishoni mwa Septemba alinipigia. Mamdogo ni mtu wa kuanza na mzaha, akiona hujacheka anajua una njaa. Siku hiyo hakuanza na mzaha.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mbona sauti hivyo?"

Akanieleza. Uvimbe kwenye kizazi, alikuwa nao muda mrefu, sasa madaktari wamesema hauwezi kungoja. Upasuaji tarehe 16 Oktoba. "Ni jambo dogo," akasema, "wanawake wengi wanafanyiwa." Halafu akakaa kimya, akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Ila ingekuwa vizuri nikiamka nimkute mtu wa kwetu."

Mamdogo anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazazi wa watu wengine, na kuwashika mkono wanapoogopa. Miaka 13 amekuwa yeye ndiye mtu anayekutwa pembeni ya kitanda. Ni mara ya kwanza kumsikia akiomba naye akutwe na mtu.

Nilikuwa na viza ya Uingereza kwenye pasipoti. Haina kazi Ufaransa. Uingereza haikuwahi kujiunga na Schengen, hata miaka ile ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, na mwaka 2020 ikatoka hata kwenye Umoja wenyewe. Schengen ni kijiji cha Luxembourg ambako mkataba ulitiwa saini mwaka 1985, na mwaka 1995 nchi za mwanzo zikaanza kuondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao. Mtu mwenye kibali anaweza kunywa chai Lisbon na kula chakula cha jioni Warsaw bila kuulizwa jina. Ni jambo zuri sana, nalisema bila kijicho. Ila ukuta uliobomolewa ndani haukutupwa. Ulihamishiwa nje.

Masharti kwa Mtanzania nayajua kwa kichwa sasa. Ada ya viza ya Schengen ilipanda kutoka euro 80 hadi euro 90 mwezi Juni 2024. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Taarifa ya benki, barua ya mwajiri, barua ya mwenyeji, tiketi ya kurudi. Jibu kwa kawaida ndani ya siku 15 baada ya kupokelewa. Na sharti lililo gumu zaidi kwa mtu wa hali yangu: uombee nchi unayoishi. Aliyeko mahali kwa muda mfupi tu anatakiwa aeleze kwa nini hakuombea kwao. Nikasema hilo ninalo, na barua ya daktari ninayo. Nikakusanya makaratasi yangu, nikaingia kwenye kompyuta kutafuta miadi. Siku ya karibu iliyokuwa wazi ilikuwa wiki 7 mbele. Nikaandika barua pepe kueleza dharura, likaja jibu la mashine likinishukuru kwa kuwasiliana nao. Nikapiga simu, ikanicheza muziki. Nikaenda mwenyewe dirishani, kijana wa watu akanisikiliza vizuri tu, akasema anaelewa, akasema mfumo haumruhusu. Hakuna aliyenifokea wala kunitukana. Nadhani ningepata unafuu kama kuna mtu angenifokea.

Na yeye kuja kwangu, hata angekuwa mzima? Kibali chake cha Ufaransa hakimuingizi Uingereza. Naye angetakiwa kuomba viza, kwa pasipoti ile ile ya rangi ile ile kama yangu.

Siku ya tarehe 16 Oktoba sikuwa na darasa mchana. Nilishindwa kukaa chumbani. Nikatembea mpaka St Pancras, kituo cha treni za Paris. Treni hizi zilianza tarehe 14 Novemba 1994, zikipita kwenye handaki la kilomita 50 ambalo kilomita 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Mwanzoni zilichukua kama saa 3. Tangu reli mpya ya upande wa Uingereza ilipokamilika mwaka 2007, ni saa mbili na robo hivi, kutoka katikati ya jiji hadi katikati ya jiji. Abiria wengi kati ya miji hii miwili siku hizi wanakwenda kwa treni, si kwa ndege. Treni inatembea karibu kilomita 490, mbali zaidi kuliko ndege, lakini inamfikisha mtu mapema ukijumlisha safari za viwanjani na foleni za kuvua mikanda na viatu. Waliopanda treni yetu ya umeme ya Dar kwenda Dodoma tangu mwaka 2024 wanaelewa ninachosema.

Ila St Pancras ina jambo moja la ajabu. Mpaka wa Ufaransa uko pale pale ndani. Kwa makubaliano ya nchi hizo mbili, polisi wa Ufaransa wanakagua pasipoti katikati ya London kabla hujapanda treni, na Waingereza wanakagua Paris kwenye kituo cha Gare du Nord. Kwa hiyo mimi sikuwa mbali na Ufaransa kilomita 344. Nilikuwa mbali nayo kwa hatua zisizofika mia. Vijana wa rika langu wanapita na vibegi vya mgongoni, mkononi wana mkate na kahawa, wanachungulia saa, wanakwenda Paris kama mtu anavyokwenda Kariakoo kununua betri.

Ghorofa ya juu pale kituoni kuna sanamu kubwa ya shaba, kimo chake mita 9, ya mwanamke na mwanamume wamekumbatiana. Iliwekwa mwaka 2007. Nikakaa chini yake, simu mkononi, nikisubiri. Watu walikuwa wanapigana picha na sanamu. Saa kumi na moja kasoro za jioni, yaani saa kumi na mbili kasoro kwa Paris, ukaingia ujumbe kutoka kwa jirani yake, mama mmoja wa Kikomoro aliyejitolea kwenda kukaa naye. Kiswahili chake ni cha visiwani kwao, kimechanganyika na Kifaransa, nami nilikisoma mara tatu nisije nikawa nimeelewa vibaya. Ametoka salama. Amelala. Ameuliza kama nimekula.

Nililia pale, wandugu. Sioni aibu kusema. Mlinzi mmoja akanisogelea akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia mama yangu amepona. Akanipigapiga begani akaenda zake.

Najua kuna wenye mzigo mzito kuliko wangu. Mahali ambapo bahari ile ni nyembamba kuliko kote, kati ya Dover na upande wa Calais, ni kilomita 33 hivi. Siku ya anga safi ukiwa Dover unaiona Ufaransa kwa macho. Hapo ndipo usiku wa kuamkia tarehe 24 Novemba 2021 boti ya mpira iliyojaa watu ilizama, wakafa watu wasiopungua 27, wakiwemo watoto. Boti nyingine zimezama kabla na baada ya hiyo. Juu ya maji hayo hayo ndege zinapita dakika baada ya dakika, abiria wanaulizwa kama watapenda kahawa au chai. Mimi nilikuwa na mahali pa kulala na tiketi ya kurudi nyumbani. Sijifananishi nao. Nasema tu kwamba umbali ule ule wa Blanchard na Blériot, kwa wengine bado unavukwa kwa kutupa vitu baharini na kuomba Mungu.

Mafunzo yakaisha, nikarudi Dar mwishoni mwa Novemba bila kukanyaga Paris. Mamdogo alipopata nguvu, daktari wake akamruhusu kusafiri, na wenzake kazini wakamchangia sehemu ya nauli. Wiki moja kabla ya Krismasi nikaenda kumpokea uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Alitoka na mkokoteni wenye mabegi mawili, amekonda, kilemba kimekaa upande. Nikataka kumkimbilia, akaninyooshea kidole kwa mbali: "Taratibu, nina mshono!" Halafu yeye ndiye aliyenikimbilia.

Usiku ule wote wamelala, mimi nikatoa kalamu. Kutoka London kuja Dar kwa mstari wa angani ni karibu kilomita 7,490. Kutoka Paris kuja Dar ni karibu 7,150. Jumlisha. Watu wawili waliokuwa wametenganishwa na kilomita 344 walilazimika kusafiri kilomita 14,600 na zaidi ili washikane mikono. Ni zaidi ya mara 42. Na hapo sijahesabu kona za kuunganisha ndege.

Mnaweza kusema ndivyo dunia ilivyo, na kila nchi ina haki ya kuweka mlango na kufuli. Sipingi. Hata sisi tuna mlango wetu, na ninao rafiki wa nchi jirani wenye masimulizi yao kuhusu madirisha yetu. Ninachokataa ni kudanganywa na namba. Tovuti za kukatia tiketi zitakwambia umbali ni kilomita kadhaa, muda saa kadhaa, bei pauni kadhaa, na yote ni kweli. Lakini umbali kati ya miji miwili ni kitu kimoja kwa mwenye pasipoti hii na ni kitu kingine kabisa kwa mwenye pasipoti ile. Siku nyingine mtu akikuuliza kutoka London kwenda Paris ni mbali kiasi gani, kabla hujamjibu muulize kwanza anasafiri na nini mfukoni.

Mamdogo alikaa wiki 5 akarudi kazini kwake, wazee wanamsubiri. Alipoondoka alinipa kipande cha karatasi chenye orodha ya makaratasi yote ya viza, ameyaandika kwa mkono wake, moja mpaka la mwisho, na chini kabisa ameandika: "Anza mapema. Na ule."

Nimeanza. Miadi ninayo, safari hii hapa hapa Dar. Kuna mwenye uzoefu wa barua ya mwenyeji, kama inagongwa mhuri manispaa yake au wapi? Naomba anitonye. Tuko pamoja.